Hesabu Macho Kabla ya Kuinua Ndara: Wakaazi Wanane wa Pangoni, Kuanzia wa Nane

“Hodi!” alisema bibi mbele ya tundu la mwamba, nyuma ya makonde ya Chwaka, kama mtu anayeingia nyumba ya jirani. Akavua ndara zake akazishika mkononi. “Na wewe vua, mwanangu. Humu mna wenyewe.”

Nilidhani anazungumzia mizimu. Tulipoinama chini ya mizizi ya mlandege na kuwasha tochi, nikawaona wenyewe hasa. Juu ya ukuta wa matumbawe alitulia buibui wa kiasi cha kiganja, miguu ameitandaza, macho yanametameta kwenye mwanga. Mkono wangu wenye ndara ukapanda. Bibi akaudaka hewani. “Unampiga nani? Jina lake unalijua?”

Sikulijua. Bibi akanikumbusha kisa ambacho kila mtoto wa chuoni Unguja amesimuliwa: buibui alitanda mlangoni mwa pango la Thaur, na waliokuwa wakimsaka Mtume Muhammad (S.A.W.) na sahibu yake Abubakar katika Hijra ya mwaka 622 wakaona utando mzima, wakapita. Sura ya 29 ya Qur’ani inaitwa kwa jina lake, Al-Ankabut. Ndara ikashuka. Tangu siku ile nimejizoesha kufanya jambo moja kabla ya lolote nikikutana na buibui: namhesabu macho.

Naam, macho. Wengi wetu hutazama ukubwa na rangi. Lakini ukubwa hubadilika na umri, na rangi hufifia au hufanana kwa watu wasio na udugu wowote. Rangi ni nguo tu. Macho, miguu, umbo la tumbo na namna ya kukaa ndicho kitambulisho chake cha Mkaazi.

Na pa kuwatafuta tunapo. Mashariki ya Unguja ni nchi ya maweni: matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba, udongo kiduchu juu yake, na maji ya mvua yameutafuna mwamba huo karne kwa karne mpaka umejaa matundu kama mkate wa kumimina. Ghuba ya Chwaka imo katika jina la Hifadhi ya Taifa ya Jozani-Ghuba ya Chwaka, iliyotangazwa mwaka 2004, na wageni humiminika huko kumtazama kima punju. Kima punju ana mashabiki wake wa kutosha. Leo ni zamu ya walio chini ya miguu yetu.

Neno moja la kuzingatia njiani: pangoni mna wakaazi wa namna tatu. Yupo mgeni, aliyeingia kujikinga jua. Yupo mpangaji, anayeweza kuishi pangoni na nyumbani kwako pia, popote palipo na kiza na mende. Na yupo mwenyeji, ambaye nje hawezi kuishi kabisa. Tutawapitia wote. Buibui ana miguu minane, basi na orodha yetu iwe ya wanane.

8. Bi Mjeledi, aliyekuja bila mwaliko

*Alama: mwili bapa, miguu sita ya kutembelea, na miwili ya mbele myembamba kama nyuzi.*

Tunaanza na asiye buibui, kwa sababu huyu ndiye atakayekutoa pangoni mbio kabla hujahesabu chochote. Jina lake ni Damon. Aina ya Damon diadema inaishi Tanzania na Kenya, na mapango anayapenda. Ni jamaa wa buibui, nge na kupe, lakini ana ukoo wake mwenyewe. Uzi hana. Sumu hana. Mkia wa kuchomea kama wa nge pia hana. Alicho nacho ni mikono miwili yenye miiba, ameikunja mbele ya kinywa kama mtu aliyekumbatia kapu la mwani.

Ile miguu miwili mirefu ya mbele hatembelei. Anapapasia njia, kulia na kushoto, kama mvuvi anayepima kina kwa upondo. Mwaka 2005 filamu ya Harry Potter and the Goblet of Fire ilimtumia mnyama wa kundi lake katika darasa la uchawi, na watu wengi wakatoka wakimwita buibui. Sasa wewe hutakosea. Na ukimkuta jike amebeba wanawe mgongoni, mpishe. Mama mwenye watoto mgongoni hatishiwi ndara.

Kuna na mwingine wa kumtoa mapema: wa miguu mirefu ambaye mwili wake ni kipande kimoja tu, duara kama punje ya choroko. Buibui wa kweli ana vipande viwili, kichwa-kifua na tumbo, vilivyoungwa kwa kiuno chembamba. Hakuna kiuno, hakuna buibui. Washonaji nguo wa Darajani wangeliona hilo mapema.

7. Ndugu watatu wa miguu mirefu

*Alama: tumbo. Ni sanduku, mchi au mpira?*

Hawa ndio wapangaji wakubwa. Wamo mlangoni mwa pango, wamo msalani, wamo nyuma ya kabati la bibi harusi. Ukoo wao unaitwa Pholcidae: mwili mdogo, miguu mirefu kama nywele, na utando wa ovyo ovyo ambamo wananing’inia kichwa chini. Uguse utando kwa kijiti na mwenyewe atajitikisa kwa kasi mpaka umbo lake lipotee machoni. Adui hajui ashike wapi. Hiyo ndiyo ngoma yao, wala hawahitaji beni ya kuwapigia.

Kuwatenganisha, tazama tumbo, na mtazame kutoka ubavuni. Tumbo likiwa kama kisanduku, limeinuka nyuma na kuwa na pembe, na miguu imenyunyiziwa vidoa vya kahawia, huyo ni Crossopriza lyoni, aliyepewa jina mwaka 1867. Tumbo likiwa refu la kulingana kama mchi, lenye madoa meusi yaliyopangwa mgongoni, huyo ni Smeringopus pallidus. Huyu mshangilie: jamii ya Smeringopus asili yake ni Afrika, na yeye amesambaa katika nchi za joto duniani kote kwa kudandia mizigo ya watu. Tumbo likiwa la mviringo, zito, la kijivu lenye vidoa vyeusi, umempata Artema atlanta, pandikizi la ukoo mzima. Mwili wake unakaribia sentimita moja, na kwa Pholcidae huyo ni jitu.

Macho yao ni manane, na yamepangwa kwa namna ya kukumbukwa: matatu yamekusanyika kulia, matatu kushoto, na mawili madogo katikati. Yashike hayo mawili ya katikati akilini, utayahitaji sasa hivi.

Na kabla ya kusafisha tandabui kwa ufagio wa makuti, chungulia kama jike amebeba kitu mdomoni. Hayo ni mayai yake, ameyafunga kwa nyuzi chache tu, na atayashika vivyo hivyo siku baada ya siku mpaka watoto watoke. Wengi wetu mzigo wa sokoni tu tunauweka chini njiani mara tatu.

6. Kadogo wa milimani

*Alama: macho sita, matatu kila upande, katikati patupu.*

Yatoe yale macho mawili madogo ya katikati, na unaingia jamii nyingine. Buibui wa Pholcidae wenye macho sita katika misitu ya milima ya Afrika Mashariki wengi ni Buitinga, jamii iliyopewa jina mwaka 2003 na Bernhard Huber wa Makumbusho ya Koenig, Bonn, Ujerumani. Soma orodha ya majina yake na utafurahi: Buitinga amani, Buitinga mazumbai, Buitinga uzungwa, Buitinga tingatingai, jina ambalo kila muuza picha wa Mji Mkongwe atalitambua, na Buitinga kadogo. Mara ngapi unafungua kitabu cha sayansi ukakuta neno ulilolijua kabla ya kuanza shule?

Huyu anajulikana zaidi huko milimani kwa bara. Nimempa nafasi ya sita kwa sababu ya somo lake: macho mawili tu yanabadilisha jina zima. Aliyesema “buibui ni buibui” hakuhesabu.

5. Bi Sufi, fundi asiye na sumu

*Alama: pete nyeusi miguuni, miguu ya mbele mirefu iliyonyooshwa, utando wa duara uliolala kama mkeka.*

Zosis geniculata yumo katika nchi za joto duniani kote, na hupenda pembe za nyumba na midomo ya mapango. Jina lake linatokana na magoti, na ukimmulika utaona sababu: miguu ina pete nyeusi kwenye maungio. Amening’inia chini ya utando wake, miguu miwili ya mbele imenyooka mbele kama mwogeleaji anayeruka kutoka Forodhani.

Buibui wengi hunatisha windo kwa matone ya gundi. Yeye hana gundi. Ana chanuo: msitari wa nywele ngumu kwenye mguu wa nne, ambao anauchanulia uzi mpaka unavurugika na kuwa laini kama sufi ya mtoni. Mbu akigusa sufi hiyo, amekwisha. Na kwa kuwa ukoo wake, Uloboridae, hauna tezi za sumu kabisa, humviringisha mbu kwa uzi mwingi, tabaka juu ya tabaka, mpaka asiweze kujinasua.

Kifuko chake cha mayai nacho kinamtaja: bapa, cha rangi ya karatasi iliyozeeka, chenye ncha pembeni kama nyota. Ukiona nyota zimepangwa mstari katika utando wa mlangoni, umeshajua mwenye nyumba hata kama ametoka.

4. Chapati ya Ukutani

*Alama: ubapa uliopindukia, macho sita msitari mmoja mbele, mawili nyuma yake.*

Jamii ya Selenops ni bapa kiasi cha kupita katika ufa ambao shilingi ingekwama. Miguu yote inaelekea pembeni, mwili umegandana na jiwe, na rangi yake ya vumbi inakudanganya kuwa hapo hapana kitu. Hatandi. Anangoja.

Msogelee taratibu umtazame usoni. Buibui wengi wenye macho manane huyapanga safu mbili za manne manne. Huyu ameweka sita mbele kwa msitari mmoja na mawili nyuma, pembeni. Ukiona sita kwa msitari juu ya mwili ulio kama chapati, usitafute zaidi.

Na asikuzuge kwa utulivu wake. Utafiti uliochapishwa mwaka 2018 ulipima buibui bapa wakigeukia mawindo yaliyo nyuma yao, na mgeuko wote ulichukua kama moja ya nane ya sekunde. Wewe hujamaliza kusema “yule pale”, yeye ameshakula.

3. Mapacha wa macho sita: Mtema Gundi na Mpiga Fidla

*Alama: macho sita, mawili mawili, jozi tatu. Kisha tazama mgongo: kuba au sahani?*

Hapa tafadhali acha mzaha kidogo na usogeze tochi, maana hapa ndipo kuhesabu kunapolipa.

Mtema Gundi ni Scytodes. Kichwa-kifua chake kimeinuka nyuma kama kuba la msikiti, na kuba hilo lina kazi: ndani yake mna tezi kubwa zinazotengeneza gundi pamoja na sumu. Mdudu akikaribia, Scytodes huitema gundi kwa kuyumbisha meno kulia na kushoto, na nyuzi zinamshona mdudu chini kwa mshono wa kupindapinda. Jambo lote linakwisha chini ya moja ya kumi ya sekunde. Miguu yake ni myembamba, mwendo wa pole, na kwa binadamu hana madhara.

Mpiga Fidla ni Loxosceles. Macho ni yale yale sita, jozi zile zile tatu, lakini mgongo wake umelala kama sahani. Ni wa kahawia mtupu, na mara nyingi mgongoni ana alama ya giza yenye umbo la fidla, shingo yake ikielekea tumboni. Wapenzi wa taarabu wataiona mara moja. Lakini usiitegemee fidla peke yake: kwa wengine imefifia, na buibui wengine wasio wa ukoo huo wana alama zinazofanana nayo. Jozi tatu za macho na mgongo bapa ndio ushahidi.

Jamii hii imo Afrika Mashariki. Loxosceles meruensis, aliyeelezwa mwaka 1910, amebeba jina la Meru ya kaskazini mwa Tanzania. Hapendi ugomvi na hakufuati. Huuma pale anapobanwa: ndani ya nguo iliyokaa sakafuni, kiatu kilichosahauliwa, furushi lililowekwa juu ya jiwe. Sumu yake inaweza kuozesha ngozi na nyama mahali alipouma. Mdharau mwiba guu huota tende. Kwa hiyo pangoni usipenyeze mkono katika ufa usiouona ndani, na kung’uta viatu na nguo kabla ya kuvaa. Ukiumwa, osha kwa sabuni, weka kitu cha baridi, nenda hospitali usingoje kidonda, na kama inawezekana mpige buibui mwenyewe picha ili daktari ajue anapambana na nani.

Kuba au sahani. Neno fupi, mfundishe mtoto.

2. Bwana Masharubu

*Alama: msitari mweupe chini ya macho, miguu ya pembeni kama kaa, macho manane, safu mbili.*

Huyu ndiye aliyenifanya niinue ndara siku ile. Heteropoda venatoria, jina la tangu Linnaeus mwaka 1767, na miguu yake ikitandazwa hufikia sentimita kumi na zaidi. Amesafiri dunia nzima ya joto kwenye mikungu ya ndizi na mizigo ya meli. Mtu wa Chwaka atamwelewa haraka kuliko profesa: anatembea kama kaa. Miguu yake imepinda kwa pembeni badala ya kwenda mbele na nyuma, na ndiyo maana ukuta wima kwake ni barabara.

Mtazame usoni, sasa huogopi. Chini ya safu ya mbele ya macho pana msitari wa rangi ya maziwa, kama masharubu ya mzee aliyetoka kunywa uji. Dume ni mwembamba, wa miguu mirefu zaidi, na mgongoni ana alama nyeusi ya kwenda urefu. Jike ni mnene. Ukimwona ameshika kifungo kikubwa cheupe chini ya kifua, hicho ni kifuko cha mayai, na kila aendako anakwenda nacho.

Hatandi wavu. Anawinda kwa miguu, na chakula chake akipendacho ni mende. Soma tena: mende! Watu hununua dawa dukani kumaliza mende, kisha humpiga ndara mfanyakazi anayekuja bure usiku.

Kumtafuta, weka tochi usawa wa macho yako, si kiunoni. Mwanga ukitoka karibu na uso wako, macho yake huurudisha moja kwa moja kwako kama cheche. Ndicho nilichokiona kwa bibi. Na kwa kuwa tunazungumzia macho: huko Laos yupo binamu yake, Sinopoda scurion, aliyeelezwa mwaka 2012, anayeishi katika kiza cha pangoni na hana jicho hata moja. Bwana Masharubu wetu bado ni mpangaji. Yule wa Laos amekuwa mwenyeji, na macho akayaacha mlangoni.

1. Wenyeji wa kiza

*Alama: mwili mdogo uliopauka, na jina linalopatikana kwa lenzi tu.*

Nafasi ya kwanza haimwendei mkubwa. Inawaendea wale ambao mimi na wewe tungewapita tukidhani ni vumbi.

Mwaka 1911 na 1912 Wafaransa wawili, Charles Alluaud na René Jeannel, walisafiri Afrika Mashariki wakikusanya wadudu, wakaingia na mapangoni. Vichupa vyao vikafika Paris. Mwaka 1922 Eugène Simon na Louis Fage wakatoa kazi nzima juu ya buibui wa mapango ya Afrika Mashariki. Humo yumo buibui aliyepewa jina la Tanga, ambaye leo anaitwa Phyxelida tanganensis. Alama za ukoo wake ni za kupendeza: kwenye vipapasio, vile viguu vidogo vya kando ya kinywa, kuna nywele ngumu kama miiba, na mguu wa kwanza wa dume umeundwa maalumu kumshikilia jike. Mwaka 1990 Charles Griswold alipowapanga upya jamaa hao wote, alama hizo ndizo zilizowakusanya nyumba moja.

Mwaka 1921, mwaka mmoja kabla ya kazi ile na Simon, Fage alimweleza mwingine mdogo zaidi wa Afrika Mashariki: Apneumonella oculata, wa ukoo wa Telemidae, ambao wengi wao hawazidi milimita mbili, yaani punje ya ufuta. Buibui wa kawaida ana mapafu chini ya tumbo, yaliyopangika kurasa kurasa kama kitabu. Huyu hana. Anavuta hewa kwa vijimirija, na jina lake linatangaza hivyo: asiye na mapafu. Mwaka 2017 ndugu yake wa Kenya naye akapata jina, Apneumonella taitatavetaensis. Wengine katika ukoo huu hawana macho kabisa.

Kwa nini mtu wa Chwaka ajali pango la Tanga? Kwa sababu Unguja ilikuwa sehemu ya bara. Bahari ilipopanda baada ya zama za barafu, yapata miaka 10,000 iliyopita, kisiwa kikabaki kisiwa. Waliokuwa mapangoni hawakupanda jahazi. Maji yaliwakuta nyumbani. Katika pango la Kuumbi, kusini kule Jambiani, wanaakiolojia wamechimba wakakuta dalili za watu waliokaa humo maelfu ya miaka kabla ya mlango wa bahari kufunguka. Watu walikuwa na taa zao za moto. Wenyeji wa kiza hawakuhitaji.

Na hapa hesabu ya macho inafika mwisho wake. Inakufikisha kwenye ukoo, mara nyingine kwenye jamii. Aina yenyewe huamuliwa na viungo vya uzazi vya buibui aliyekomaa. Vipapasio vya dume mzima vimevimba nchani kama glavu za bondia. Jike mzima ana kibamba kigumu chini ya tumbo. Viwili hivyo huingiana kama ufunguo na kufuli la mlango wa Mji Mkongwe, na kila aina ina kufuli lake. Ndiyo maana buibui mchanga, hata mtaalamu akimtazama kwa hadubini siku nzima, mara nyingi humrudisha na jina la ukoo tu. Hajapewa ufunguo bado.

Ukitoka nje

Tulitoka, bibi akavaa ndara zake, akaniuliza: “Umewaona?” Nikamwambia nimewaona, na safari hii namaanisha.

Basi nanyi, walimu wa Chwaka, vijana mnaotembeza wageni, wanafunzi wenye simu mfukoni: ombeni ruhusa kwa wazee wenye pango, kisha ingieni na tochi. Pigeni picha tatu: uso kutoka mbele ili macho yahesabike, tumbo kutoka juu, tumbo kutoka ubavuni. Wekeni sarafu pembeni iwe kipimo. Andikeni tarehe na mahali alipokuwa, mlangoni, kwenye utusitusi au katika kiza kamili, maana hapo ndipo mgeni, mpangaji na mwenyeji hutengana. Msichome moto ndani, moshi hauna pa kutokea. Msitupe taka katika matundu ya maweni, maji tunayokunywa yanapita humo humo. Na pale mnapochimba mawe ya kujengea au ya kuchomea chokaa, chunguzeni kwanza kama chini yake pana pango. Bwana Masharubu atahamia nyumbani kwako. Mwenyeji wa kiza hana pa kuhamia: jiwe lake likivunjwa, ukoo wake hapo umekwisha.